Lugha zimehukumiwa kwa mtihani ambao hazikuufanya: barua ya wazi kwa wakuu wa elimu wa Nigeria

Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Shirikisho la Nigeria, waheshimiwa makamishna wa elimu wa majimbo yote 36, na wajumbe wengine wa Baraza la Taifa la Elimu,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naomba kusema nanyi juu ya uamuzi mliouchukua katika kikao chenu cha 69 mjini Akure, na ambao Mheshimiwa Waziri aliutangaza mjini Abuja mwezi Novemba 2025, wa kuifuta Sera ya Taifa ya Lugha ya mwaka 2022, iliyoagiza watoto wafundishwe kwa lugha ya mama katika miaka sita ya shule ya msingi, na kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia elimu ya awali hadi chuo kikuu. Mimi ni Mtanzania, mwalimu kwa kazi, na nimewahi kufundisha katika Jimbo la Plateau. Sina kura katika nchi yenu, wala katika lugha zenu hakuna hata moja iliyo ya mababu zangu, na pengine hilo ndilo linalonipa nafasi ya kusema jambo ambalo Mnigeria akilisema huulizwa kwanza ni mtu wa wapi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria kwayo. Na kwa kuwa ni mwana wenu, mwandishi Wole Soyinka, aliyependekeza katika miaka ya 1970 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya bara zima, sidhani kama nimebisha hodi katika nyumba ya wageni.

Sababu mliyoitoa ni kwamba kanda zilizoshikilia zaidi ufundishaji kwa lugha ya mama ndizo zilizofeli zaidi katika mitihani ya WAEC na NECO, ya kumaliza sekondari, na ya JAMB, ya kuingia vyuo vikuu. Hoja hiyo inaingia masikioni kwa urahisi, ila hesabu yake haikai. Mfumo wenu una miaka sita ya shule ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya sekondari ya juu. Kijana aliyefanya mtihani wa WAEC mwaka 2025 bila kurudia darasa aliingia darasa la kwanza mwaka 2013, na siku Baraza la Mawaziri lilipoipitisha sera hiyo, tarehe 30 Novemba 2022, alikuwa amekwisha kuingia sekondari ya juu. Mtoto aliyeanza shule Septemba 2023, ambaye ndiye wa kwanza aliyeweza kusoma chini ya sera ile tangu siku yake ya kwanza darasani, alikuwa darasa la tatu mlipokutana Akure. Mtoto huyo hajafanya mtihani wowote wa WAEC. Isitoshe, Waziri wa wakati ule, Adamu Adamu, alipoitangaza sera alieleza waziwazi kwamba utekelezaji kamili ungesubiri vitabu viandaliwe na walimu wapatikane, na mpaka mnaifuta, vitabu na walimu hao hawakuwa wamefika katika shule nyingi.

Mtaniambia kwamba Sera ya Taifa ya Elimu ilikwisha kuagiza lugha ya mama katika madarasa ya mwanzo tangu mwaka 1977. Ni kweli iliagiza. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa katika shule za huko anajua umbali uliopo baina ya agizo lile na ubao. Na kama kanda mlizozikusudia ni za kaskazini, kama wengi walivyoelewa, basi mnazungumza juu ya sehemu ambako wanafunzi wametekwa wakiwa shuleni: Chibok mwaka 2014, Dapchi mwaka 2018, Kankara mwaka 2020, na mwezi uleule wa tangazo lenu, Maga na Papiri. Kutazama matokeo ya mitihani ya sehemu kama hizo na kuona ndani yake kosa la lugha ni kuacha mengi yaliyo mbele ya macho.

Kuna jambo la pili kuhusu mitihani hiyo. WAEC ilitangaza matokeo ya mwaka 2025 na kusema kwamba asilimia 38.32 ya watahiniwa walipata masomo matano yanayotakiwa pamoja na Kiingereza na Hisabati, kisha ikayaondoa matokeo hayo, ikakiri hitilafu za kiufundi, na ikarudi na asilimia 62.96. Miezi michache kabla yake JAMB ilikuwa imelazimika kuomba radhi kwa taifa na kuwarudisha kwenye mtihani watahiniwa 379,997 wa Lagos na majimbo ya kusini mashariki, kwa sababu mitambo yake yenyewe ilikuwa na kasoro. Sisemi haya kwa kuvikebehi vyombo hivyo, kwani kukiri hadharani ni jambo la kuheshimiwa. Nasema tu kwamba kipimo kilichotikisika kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja hakitoshi kuwa shahidi pekee wa kuihukumu lugha ya mtoto wa miaka sita.

Tena nchi yenu ndiyo ya mwisho inayopaswa kusema haina ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1970, huko Ile-Ife, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walianzisha mradi ambao hadi leo unafundishwa katika vyuo vya ualimu duniani kote. Watoto walisomeshwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekisomea, wakalinganishwa na wenzao waliobadilishiwa lugha baada ya miaka mitatu kama ilivyokuwa desturi. Waliosoma kwa Kiyoruba miaka sita walifanya vizuri zaidi, na Kiingereza chao hakikuwa nyuma. Fafunwa mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Elimu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni ajabu kidogo, na mtaniwia radhi kwa kusema hivyo, kwamba kazi iliyozaliwa kwenu inasomwa Dar es Salaam na Accra, ilhali Abuja inaifuta katika mkutano ulioandaliwa na British Council.

Hata hivyo, waheshimiwa, siamini kwamba sera ile ilikufa kwa sababu ya mitihani. Naamini ilikufa kwa sababu kila ikifika mahali pa kutaja lugha, watu husikia ikitajwa ardhi. Niruhusuni nieleze kwa kile nilichokiona.

Katika shule moja ya Jos, mji mkuu wa Jimbo la Plateau, shule ambayo sitaitaja, ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kwamba atakayesema lugha ya nyumbani atatozwa faini. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa akisoma kwa Kiingereza habari za mvua na mawingu, na watoto wakiitikia kwa pamoja, kwa sauti nzuri na kwa mkato uleule wa mwalimu. Alipowauliza mvua inatoka wapi, waliitikia swali lenyewe. Mwalimu akatazama mlangoni, akashusha sauti, akaeleza kwa Kihausa. Mikono ikanyanyuliwa darasa zima, na mtoto mmoja akataka kujua kwa nini mawingu mengine hupita bila mvua, swali ambalo ningefurahi kuulizwa na mwanafunzi wa sekondari. Kisha mwalimu akarudi kwenye Kiingereza, na mikono ikashuka.

Kinachonirudia akilini kutoka siku ile ni kwamba mwalimu yule hakuwa Mhausa. Alikuwa Mberom, mtu wa moja ya jamii za wenyeji wa Plateau, na darasani mwake mlikuwa na watoto wa Kimwaghavul, wa Kitarok, wa Kiigbo na wengine. Jimbo la Plateau lina lugha zaidi ya arobaini, na Kihausa ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kwenye vituo vya magari na hata makanisani. Nilipomuuliza kwa nini Kihausa kisiandikwe kwenye ratiba kama lugha ya darasa, ilhali ndicho anachokitumia kwa siri, alinijibu kwamba siku kitakapoandikwa, watu watasema Plateau imekabidhiwa kwa Wahausa. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayeeleza bei ya unga.

Msomaji wa huku kwetu asiyeijua Jos atauliza hofu hiyo inatoka wapi. Inatoka katika cheti. Kwenu, mtu anayetaka nafasi ya chuo, ufadhili wa masomo au kazi ya serikali huombwa cheti cha uzawa kutoka serikali ya mtaa, na cheti hicho hakitazami alikozaliwa wala anakolipia kodi, bali kinatazama mababu zake. Katiba ya 1999, katika kifungu cha 318, inaeleza kwamba mtu ni wa jimbo fulani ikiwa mmoja wa wazazi au wa mababu na mabibi zake alitoka katika jamii ya asili ya jimbo hilo. Na kifungu cha 147 kinamtaka Rais achague angalau waziri mmoja mzawa kutoka kila jimbo. Nia ilikuwa njema, kwani nchi iliyotoka katika vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 ilihitaji kumhakikishia kila mmoja sehemu yake. Lakini matokeo yake ni kwamba familia inaweza kukaa Jos vizazi vitatu na bado ikaitwa ya wageni. Septemba 2001, uteuzi wa Mhausa mmoja kuratibu mpango wa kupambana na umaskini katika eneo la Jos Kaskazini ulichangia kuwasha machafuko yaliyoua mamia ya watu. Mwaka 2008, uchaguzi wa serikali ya mtaa ukaleta mengine. Katika mji wa namna hiyo, ratiba ya darasa la kwanza haisomwi kama ratiba. Inasomwa kama hati ya kiwanja.

Na jambo hili si la Jos peke yake wala si la jana. Vyama vikubwa vilivyoipeleka nchi kwenye uhuru vilikuwa na ngome zao kaskazini, magharibi na mashariki, na katikati ya ngome hizo walibaki watu wa makabila madogo ambao hofu zao zilichunguzwa na Tume ya Willink ya 1957 na 1958. Mwaka 1961, Bungeni, ulipozuka mjadala wa kuzifanya lugha kubwa kuwa lugha za taifa, Anthony Enahoro, mtu wa jamii ya Waesan, alisimama kupinga, akisema kama mtu wa kabila dogo kwamba anasikitishwa na wale wanaotaka kuzitwisha jamii ndogo lugha na desturi zao. Baadaye Katiba ikaamua kwamba shughuli za Bunge la Taifa ziendeshwe kwa Kiingereza, na pia kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pindi maandalizi ya kutosha yatakapofanywa. Maneno hayo yamo katika kifungu cha 55 hadi leo, na maandalizi yenyewe bado yanasubiriwa. Sensa za 1991 na 2006 hazikuuliza kabila wala dini, kwa kuogopa ugomvi uliotokea katika hesabu za watu za miaka ya 1960 na katika ile ya 1973 iliyofutwa. Machi 2023, katika uchaguzi wa gavana wa Lagos, waangalizi na vyombo vya habari viliripoti wapiga kura waliotishwa na kuzuiwa kwa kudhaniwa kuwa Waigbo. Mahali ambapo jina la mtu na lafudhi yake vinaweza kumfungia njia ya kituo cha kura, siwashangai wazazi wanaomtaka mtoto wao azungumze Kiingereza tu na asijulikane anatoka wapi.

Kwa hiyo naielewa hoja ambayo hamkuisema jukwaani lakini ambayo nimeisikia kwa Wanigeria wengi, kwamba Kiingereza ndicho pekee kisicho na kabila. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Kiingereza hakina kabila, lakini kina mwenyewe: ni cha mtoto wa Maitama au Lekki, mitaa ya matajiri ya Abuja na Lagos, ambaye kimo katika katuni anazotazama, katika gari la baba na katika shule ambayo ada yake ya muhula mmoja inaizidi mishahara ya mwalimu niliyemtaja. Mtoto wa Bokkos au wa Gwoza anakikuta ubaoni. Mnapoondoa lugha za nyumbani ili kabila moja lisipewe upendeleo, mnakuwa mmewapa upendeleo wenye pesa wa makabila yote kwa pamoja, na sijui kama huo ndio umoja mlioukusudia.

Msidhani nawaleteeni Tanzania kama kielelezo. Wengi wenu hutuambia kwamba tulibahatika, na kweli tulipata lugha ambayo hakuna kabila kubwa lililoweza kuidai. Lakini tulilipa. Lugha zaidi ya mia moja ziliachwa nje ya mlango wa shule, na mtoto wa Kisukuma au wa Kihadzabe aliyeanza darasa la kwanza bila Kiswahili alikaa kimya kama wanavyokaa wale wa Jos. Tena, baada ya kusifiwa kote huko, sekondari zetu bado zinafundisha kwa Kiingereza, na kila mwaka mimi na walimu wenzangu hueleza baiolojia kwa Kiswahili kwa sauti ya chini kama alivyofanya yule mwalimu. Nigeria haina lugha isiyo na mwenyewe, na hakuna haja ya kuitafuta. Hata majirani zenu wa Ghana, ambao wiki chache kabla ya tangazo lenu walielekea upande mwingine kabisa, Waziri wao Haruna Iddrisu alipoagiza lugha za watoto zitumike kwa lazima katika madarasa ya chini, hawakuchagua lugha moja.

Ninachowaomba ni kutenganisha mambo mawili ambayo sera zenu zote tangu 1977 zimeyaacha yamefungwa pamoja. Lugha inayotumika darasani isiwe tena lugha ya wenye ardhi, iwe ni lugha ambayo watoto wa shule hiyo wanaizungumza wakiwa uwanjani. Sera zenu zimetaja lugha ya mama au lugha ya jamii inayoizunguka shule, na katika ule usemi wa pili ndimo ugomvi wote ulimolala, kwa sababu kila anayeusoma huuliza jamii ipi na nani aliitangulia nyingine. Swali la uwanjani halina ugomvi huo. Mwalimu mkuu anaweza kulijibu kwa kusimama dirishani wakati wa mapumziko. Katika shule nyingi za Jos jibu litakuwa Kihausa. Katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu huenda likawa Kiberom au Kingas. Warri na Sapele, kama tutakuwa wakweli, litakuwa Pijini, lugha ya mitaani iliyozaliwa na Kiingereza, ambayo BBC imeitumia kutangaza habari tangu 2017 lakini hakuna Waziri aliyewahi kuikubali darasani. Na pale ambapo watoto wanakizungumza Kiingereza tangu nyumbani, Kiingereza ndicho lugha yao ya darasa, na hakuna ubaya.

Lakini jibu hilo litaogopwa mpaka sheria iseme bayana kwamba lugha ya darasa haimpi mtu uzawa wala haimwondolei, haibadilishi mpaka wa serikali ya mtaa, wala haiwezi kutumiwa kama ushahidi katika shauri lolote la ardhi au la uteuzi. Kifungu kifupi cha namna hiyo kingekuwa na kazi kubwa kuliko kurasa zote za sera ya 2022. Hata Lagos, ambayo mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kukihifadhi na kukikuza Kiyoruba, ingehitaji kifungu hicho, ili mzazi wa Kiigbo au wa Kiegun asione somo la Kiyoruba kama ankara ya kuishi pale.

Kuhusu gharama, nitasema kidogo tu, kwa sababu imesemwa mno. Si lazima kila moja ya lugha zaidi ya 500 ipate kitabu cha fizikia. Madarasa matatu ya mwanzo yanahitaji vitabu vichache vya kusoma na kuhesabu, na Mradi wa Vitabu vya Rivers, ulioongozwa na Kay Williamson na Ebiegberi Alagoa, ulionyesha katika miaka ya 1970 kwamba hata lugha ndogo za Delta zinaweza kuandikiwa vitabu hivyo kwa fedha za kawaida, wenyeji wakishirikishwa. Kilicho kigumu zaidi ni upangaji wa walimu. Mwalimu wa Kitiv akipelekwa kufundisha darasa la kwanza kwa watoto wa Kikanuri, sera yoyote itafia mikononi mwake, na hilo linaweza kurekebishwa na makamishna ninyi wenyewe bila kusubiri kikao cha Abuja.

Kiingereza nacho kinastahili haki yake. Kifundishwe tangu darasa la kwanza, kama somo, na mwalimu anayekijua, kama ilivyofanyika Ife. Mtoto niliyemsikia akiuliza juu ya mawingu atakihitaji, na wazazi wake wana haki ya kukidai.

Mwisho, naomba jambo ambalo halihitaji bajeti. Mheshimiwa Waziri alisema uamuzi huu umejengwa juu ya ushahidi. Kabla ya kikao chenu cha 70, uchapisheni ushahidi huo: shule zilizotazamwa, lugha iliyotumika kwa kweli katika kila moja, madarasa mangapi, kwa miaka mingapi, chini ya walimu wa aina gani, na matokeo ya mitihani ya wanafunzi walewale waliosoma kwa lugha hizo. Vyuo vyenu vikuu vya Ibadan, Ife, Zaria na Jos vina wataalamu wanaoweza kuupima kwa muda mfupi. Nitausoma wote, na ukionyesha kwamba nimekosea, nitaandika barua nyingine kusema hivyo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro, Tanzania